Maziwa hayakutoka, hedhi haijarudi: je, ni "homoni kuvurugika"?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 32, nauza vitenge hapa Kahama. Mtoto wa pili nilimzaa miaka mitatu iliyopita. Kondo la nyuma lilikataa kutoka, nikavuja damu mpaka nikapoteza fahamu, nikaongezewa chupa nne. Maziwa hayakutoka hata tone, na yule wa kwanza nilimnyonyesha miaka miwili. Hedhi haijarudi mpaka leo, mimba sina. Nachoka, nasikia baridi hata juani, nikisimama ghafla naona giza. Mwaka jana nilishikwa malaria nikazimia, wakasema sukari imeshuka hadi 2.4. Nimepima thairoidi, TSH ikaja 1.9, wakasema iko sawa. Sasa kuna dada mtandaoni ananiambia homoni zangu zimevurugika, ana kifurushi cha kuzisawazisha kwa shilingi 180,000. Mama mkwe anasema kuna mtu amenifunga maziwa. Ninunue hicho kifurushi? Na je, nitazaa tena?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Usinunue.

Hilo ndilo jibu fupi. Sasa nivumilie nikupe refu, kwa sababu umenisimulia kisa ambacho sisi madaktari tunafundishwa darasani, kisha tukiwa kazini kinatupita mbele ya macho, wakati mwingine kwa miaka kumi na zaidi. Mgonjwa anakuja na uchovu leo, kizunguzungu mwezi ujao, habari ya hedhi mwaka unaofuata, kila safari kwa daktari mwingine, na hakuna anayemuuliza ule usiku wa kujifungua ulikwendaje. Wewe umeyaweka yote pamoja mwenyewe, tena kwa mpangilio.

Tuanze na hilo neno la mtandaoni. Kusema "homoni zimevurugika" ni sawa na kumpelekea fundi gari ukamwambia "gari bovu". Mwili una homoni kwa makumi. Neno lenyewe alianza kulitumia Mwingereza Ernest Starling mwaka 1905, akalitoa kwenye Kigiriki kwa maana ya kuamsha au kusukuma, na kazi yake ndiyo hiyo: tezi inatengeneza kemikali, inaimwaga kwenye damu, damu inaisafirisha hadi kiungo cha mbali, na kiungo kinaamka kufanya kazi. Homoni hupita mwili mzima, lakini huitikiwa na pale tu penye kipokezi chake. Ni kama mtu anayepita sokoni akiita "Mama Asha!" Wanaosikia ni wengi, anayegeuka ni Mama Asha.

Mwenye kisukari tatizo lake ni insulini, ama haitoshi ama mwili hauitii. Mwenye thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi anakonda huku anakula, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka. Binti anayeota ndevu na kukosa hedhi kwa sababu ya ovari zenye vifuko vingi ana ziada ya homoni za kiume. Wote watatu unaweza kusema homoni zao zimevurugika, na dawa ya mmoja haimsaidii mwingine, yaweza hata kumdhuru. Unga mmoja unaopandisha kilichoshuka na kushusha kilichopanda, bila hata kupima, mimi bado sijauona.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni homoni ipi, na nani aliacha kuitoa. Kwa maelezo yako, nashuku aliyeacha ni mnyapara.

Chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua, kuna kishimo kwenye mfupa, na ndani yake imekaa tezi iitwayo pituitari. Ukubwa wake ni kama punje ya harage, uzito kama nusu gramu. Ninaiita mnyapara kwa sababu sehemu yake kubwa, ile ya mbele, habebi zege mwenyewe; anasimama juu ya vibarua na kupiga kelele. Thairoidi iliyo shingoni anaipigia kelele kwa homoni ya TSH. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo, zinazotoa kortizoli, anaziamrisha kwa ACTH. Ovari anazisukuma kwa FSH na LH. Matiti anayaagiza yatengeneze maziwa kwa prolaktini. Na huwa anasikiliza: kazi ikienda vizuri anashusha sauti, kibarua akizembea anapaza. Mizani ya homoni ndiyo hiyo, kelele na kimya, usiku na mchana. Kortizoli, kwa mfano, hupanda kuelekea alfajiri ili uamke na nguvu, ikashuka karibu na usiku wa manane. Kumbuka hilo la alfajiri, tutalirudia.

Mnyapara huyu ana udhaifu mmoja. Damu yake nyingi haimfikii moja kwa moja. Hupita kwanza sehemu ya ubongo iliyo juu yake, kisha ikamshukia kwa vimishipa vyembamba, msukumo ukiwa umeshapungua. Ni ile nyumba ya mwisho kwenye bomba la mtaa. Maji yakipungua nguvu, wa mwanzoni bado wanakinga ndoo, kwake bomba linakohoa upepo. Juu ya hapo, ujauzito unaongeza watu ndani ya nyumba hiyo: seli za prolaktini huongezeka kujiandaa na kunyonyesha, tezi ikakua kwa theluthi moja au zaidi, na bomba ni lile lile. Sasa mama avuje damu mpaka presha ianguke na azimie. Sehemu ya mbele ya tezi inaweza kukosa damu ikafa, yote au kipande. Sehemu ya nyuma ina mshipa wake mwingine, kwa kawaida hupona.

Harold Sheehan, daktari wa patholojia wa Uingereza, aliyaeleza haya mwaka 1937 kutokana na uchunguzi wa miili ya wanawake waliofariki baada ya kujifungua, na ugonjwa ukabeba jina lake. Kwao Uingereza siku hizi ni adimu, maana mama akianza kuvuja, damu na wataalamu wako chumba cha pili. Kwetu bado tunao, na sababu unaijua kuliko mimi.

Sasa soma barua yako upya. Maziwa hayakutoka hata tone kwa mwanamke aliyenyonyesha miaka miwili huko nyuma: hiyo huwa dalili ya kwanza kabisa, seli za prolaktini zimekufa. Hedhi haikurudi: ovari zipo, hazijaamrishwa. Baridi juani, uchovu: thairoidi imelala. Giza ukisimama: kortizoli ndiyo inayosaidia mishipa kushikilia presha, ikipungua, presha inashindwa kupanda nawe. Sukari ya 2.4 wakati wa malaria nayo inaingia humo. Malaria kali peke yake inaweza kushusha sukari, sikatai, na baadhi ya dawa zake pia. Lakini mtu mzima akiugua, kortizoli hupanda mara kadhaa na kulihimiza ini litoe sukari. Yako pengine haikuwa na mahali pa kupandia.

Kuna jambo hukulitaja, na si la kutaja mbele za watu, ila jiulize ukiwa peke yako: mara ya mwisho kunyoa kwapa ilikuwa lini? Wenye tatizo hili nywele za kwapani na sehemu za siri hupukutika, na wengi huona ni nafuu, wakalinyamazia. Angalia pia ngozi. Kama tezi za juu ya figo zenyewe ndizo zingekuwa zimeharibika, kwa mfano kwa kifua kikuu ambacho huku kwetu hufanya hivyo, ungekuwa mweusi zaidi, hasa kwenye fizi na mikunjo ya viganja. Ugonjwa wa mnyapara hufanya kinyume, ngozi hupauka na kuwa laini, watu wakakusifia umekuwa mweupe.

Hapa kwenye TSH ndipo ulipopotezwa. Mara nyingi thairoidi ikidhoofika yenyewe, mnyapara anapaza sauti, na TSH inapanda hadi 20, 50, hata zaidi ya 100. Ndiyo maana maabara nyingi hupima TSH peke yake, na kwa wagonjwa wengi inatosha. Lakini TSH ni sauti ya mnyapara, sio kazi iliyofanyika. Akiwa amezirai, hatapaza sauti hata vibarua wote wakiondoka. Utakuta TSH imeshuka, au imekaa kwenye kiwango kabisa kama hiyo 1.9 yako, huku homoni yenyewe ya thairoidi, T4, iko chini. Kwa mtu mwenye historia kama yako, TSH bila T4 haituambii kitu. Aliyekusomea majibu hakukosea kusoma. Swali ndilo lililokuwa nusu.

Je, yaweza kuwa kitu kingine? Yaweza, sijakuona wala kukupima. Kizazi kilichokwanguliwa baada ya kondo kubaki kinaweza kupata makovu ndani, hedhi ikakoma. Ila makovu ya kizazi hayazuii maziwa wala hayashushi sukari. Uvimbe wa pituitari unaozidisha prolaktini nao hukata hedhi, lakini huo mara nyingi huleta maziwa hata kwa asiyenyonyesha, kinyume cha kwako. Kukoma hedhi mapema kunatofautishwa na FSH: ovari zikichoka zenyewe, FSH inapanda juu, mnyapara anapiga kelele bure. Upungufu wa damu ni lazima upimwe pia, maana unachosha hivyo hivyo.

Vipimo ninavyotaka ufanyiwe ni kortizoli ya asubuhi, T4 pamoja na TSH, prolaktini, FSH na LH na estrojeni (homoni ya ovari), chumvi za damu hasa sodiamu, sukari, na picha nzima ya damu. Wa kwanza kwa umuhimu ni kortizoli, kwa sababu upungufu wake ndio unaoua. Ikiwa chini ya mikrogramu 3 kwa desilita asubuhi, upungufu upo bila shaka kubwa. Ikizidi 15, kwa kawaida tunatulia. Katikati ya hapo daktari atakuchoma sindano ya kuziamsha tezi na kupima tena. Baadaye itafuata picha ya MRI ya kichwa, kuhakikisha hakuna uvimbe. Kwa mgonjwa wa Sheehan aliyekaa miaka, picha mara nyingi huonyesha kile kishimo cha mfupa kikiwa kitupu, au karibu kitupu. Kama pesa ya MRI haijapatikana, matibabu hayaisubiri.

Matibabu ni rahisi kuliko unavyofikiri, ila mpangilio wake hauchezewi. Kortizoli inarudishwa kwanza: hidrokotisoni kwa vipimo vilivyogawanywa mchana, au prednisolone kiasi kidogo, miligramu 3 hadi 5 asubuhi. Usiogope sifa mbaya ya prednisolone. Wanaovimba uso wanameza nyingi kupita mahitaji ya mwili. Wewe ungerudishiwa ile uliyopoteza tu. Baada ya hapo ndipo inapoingia levothyroxine ya thairoidi, asubuhi tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Ukigeuza mpangilio, hatari. Thairoidi ikiamka inaharakisha mwili wote na kuimaliza haraka hata ile kortizoli kidogo iliyobaki; ni kukoleza moto chini ya sufuria ambayo maji yake yameisha. Kwa hiyo mtu akikuandikia levothyroxine kabla kortizoli haijajulikana, muulize kwa adabu, lakini muulize. Na dozi ya levothyroxine kwako itafuatiliwa kwa T4. TSH haitasaidia tena.

Estrojeni na mwenzake projesteroni hufuata, kwa ajili ya mifupa, ndoa na afya yako kwa jumla, mpaka karibu umri ambao hedhi ingekoma yenyewe. Kwa kuwa kizazi kipo, estrojeni haitolewi peke yake.

Ukishaanza dawa ya kortizoli, kuna kanuni ya kuijua hata ukiamshwa usingizini. Mtu mzima wa kawaida akishikwa homa, tezi zake zinaongeza kortizoli zenyewe. Zako hazitaongeza, inabidi wewe uongeze: homa ikikupata, dozi inazidishwa mara mbili au tatu kwa siku hizo chache, kadiri daktari wako atakavyokuelekeza, kisha inarudi. Ukitapika au kuharisha kiasi kwamba kidonge hakikai, hiyo ni dharura, unahitaji sindano ya hidrokotisoni miligramu 100 na dripu ya chumvi, saa hiyo hiyo. Usiache dawa ghafla hata siku moja kwa sababu umejisikia vizuri au duka limefungwa. Kama unafunga Ramadhani, zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Na hata sasa, kabla hujapimwa, andika karatasi hii uiweke kwenye pochi unayobebea pesa za biashara: "Nilivuja damu nyingi wakati wa kujifungua. Sikupata maziwa wala hedhi. Inashukiwa nina upungufu wa kortizoli kutokana na tezi ya pituitari. Nikizimia au kutapika, nipimwe sukari na nipewe hidrokotisoni." Malaria ya mwaka jana ilikupitia karibu sana. Ukianza kutapika au kuishiwa nguvu wiki hii, usisubiri safari ya vipimo, nenda hospitali ya karibu na hiyo karatasi.

Kuhusu kifurushi, nina sababu nyingine ya kukukataza. Bidhaa za namna hiyo, katika nchi mbalimbali, zimewahi kukutwa zimechanganywa kwa siri na dexamethasone, ambayo ni ndugu wa kortizoli mwenye nguvu nyingi. Fikiria ikikukuta wewe. Siku ya tatu utaamka mzima kabisa, utampigia yule dada simu kumshukuru, utawaelekeza na wenzako. Pakiti itaisha. Halafu utaanguka, na hospitali hawatajua umetoka wapi. Hiyo hiyo pia itaharibu kipimo cha kortizoli. Kama umewahi kunywa dawa yoyote ya hivyo, au unapaka krimu za kung'arisha ngozi, maana nyingine zina steroidi, yaani dawa za ukoo wa kortizoli, mwambie daktari bila aibu.

Kuzaa tena kunawezekana. Siahidi, ila mlango haujafungwa. Kuna wanawake ambao kipande cha tezi kilipona na wakashika mimba wenyewe, kwa hiyo usidhani kukosa hedhi ni uzazi wa mpango. Wengine huhitaji sindano zinazofanya kazi ya FSH na LH ili yai likomae. Zipo kwenye kliniki za uzazi za miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi, bei yake si ya mchezo, na hufuatiliwa kwa ultrasaundi. Kwanza kortizoli na thairoidi zitulie. Na mimba ikija, unazalia hospitali kubwa yenye damu tayari, ukiwa na daktari anayejua kwamba siku ya uchungu dozi yako inaongezwa.

Mama mkwe usigombane naye. Aliona mkwe aliyekuwa na maziwa akikauka usiku mmoja, akatafuta maelezo kwa lugha aliyonayo. Mwambie aliyeyafunga ni damu iliyomwagika, na yeye alikuwepo akaiona. Kuna kitu hunishangaza kila nikifikiri habari hii: ile sindano ya paja ambayo mkunga humpa mama mara tu mtoto anapotoka, ili kizazi kijikaze asivuje, ni oksitosini, nayo ni homoni inayotoka kwenye sehemu ya nyuma ya pituitari hii hii. Vincent du Vigneaud wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1955, na kuitengeneza oksitosini maabara ilikuwa sehemu kubwa ya kazi iliyompa tuzo hiyo. Inataka kukaa baridi, nyuzi 2 hadi 8. Friji ya zahanati ikizimika, homoni nayo inazidi kudhoofika siku hadi siku.

Kwa Kahama, nenda kwanza hospitali ya manispaa ukaombe rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, na umtajie neno Sheehan. Beba kadi ya kliniki ya ujauzito ule, hata kama imechakaa, na karatasi yoyote ya kuongezewa damu. Usisafiri alfajiri ukafika Mwanza saa sita mchana: kortizoli hutolewa damu saa mbili hadi saa tatu asubuhi, ikiwa kileleni, na ya mchana itatuchanganya. Lala Mwanza usiku wa kuamkia kipimo, kula kama kawaida, na hiyo 180,000 ndiyo nauli na chumba.